Chaguo la kujizima kwa saa: Watumiaji wa kompyuta walidai kilichoondolewa

WANUNUZI wa kompyuta huuliza bei, huuliza ukubwa wa kumbukumbu, na wakishaelewana na muuzaji hubeba mzigo wao. Ni wachache wanaouliza kama programu mpya iliyomo ndani ya mashine imepunguzwa kitu kilichokuwamo katika ile ya zamani. Kwa mfanyabiashara mdogo swali hilo ni la fedha, na mfano mzuri ni wa kitu kidogo kabisa: chaguo la kuiambia kompyuta ijizime yenyewe kwa saa iliyopangwa, baada ya kumwonyesha mtumiaji hesabu ya muda uliobaki.

Wenye kompyuta za Mac, zinazotengenezwa na kampuni ya Apple ya Marekani, walikuwa na chaguo hilo kwa miaka mingi. Ndani ya ukurasa uitwao Energy Saver palikuwa na kitufe kilichoandikwa Schedule. Mtu alikibonyeza, akachagua siku, akaandika saa ya kuwashwa na saa ya kuzimwa, na kazi ikawa imekwisha. Saa ilipowadia mashine haikukatika ghafla. Ilitoa tangazo kwenye kioo kwamba inakwenda kujizima, hesabu ikaanza kurudi nyuma, na aliyekuwa bado ana kazi aliweza kuisimamisha.

Tarehe 24 Oktoba 2022 Apple ilitoa toleo jipya la programu yake ya kuendeshea mashine, liitwalo Ventura. Ukurasa wa mipangilio ulijengwa upya ukafanana na ule wa simu za iPhone, na kitufe cha Schedule hakikuonekana tena. Uwezo wenyewe haukufa, maana mashine bado iliweza kujizima kwa saa. Kilichoondolewa ni mlango wa kuingilia. Apple iliwaelekeza wateja wake kwenye Terminal, ile programu ya kuandika amri kwa maneno, watumie amri iitwayo pmset. Aliyetaka kompyuta ya ofisi ijizime saa 2 usiku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa alitakiwa aandike hivi: sudo pmset repeat shutdown MTWRF 20:00:00. Kisha atoe neno la siri la msimamizi wa mashine.

Herufi hizo tano ni siku za kazi, na R ni Alhamisi kwa sababu T imekwisha kuchukuliwa na Jumanne. Karani wa kawaida angeyajuaje hayo?

Basi watumiaji wakadai kitufe chao kirudishwe. Wengine walisema, na kwa haki, kwamba hawakununua mashine ya bei kubwa ili wajifunze kuandika amri ambazo kosa la herufi moja linazitia dosari. Hoja yao haikuwa kwamba kazi haiwezekani. Walilalamika kuwa kazi ya mibonyezo mitatu, ambayo mwenye ofisi aliweza kuifanya mwenyewe, sasa inahitaji fundi.

Hasara iko wapi

Tuanze na umeme. Tuseme ofisi ya uchapaji ina kompyuta 10 za mezani, na kila moja inatumia wati 60 inapokaa wazi bila kazi. Ofisi inafungwa saa 12 jioni na kufunguliwa saa 2 asubuhi, yaani saa 14. Kompyuta moja itakula uniti 0.84 kwa usiku mmoja, na kumi zitakula uniti 8.4. Kwa siku 26 za kazi hizo ni zaidi ya uniti 218, bila kuhesabu Jumapili. Mwenye mita ya LUKU azidishe mwenyewe kwa bei anayolipa, kisha ajiulize kama faida ya uchapaji wa kurasa ngapi imeishia humo. Kompyuta za kisasa zikilala hula kidogo sana, hilo ni kweli. Lakini mashine nyingi zilizomo madukani kwetu ni za mtumba, na hazikupangwa na mtu yeyote zilale.

Upande wa pili ni vitabu vya hesabu, na huko ndiko hesabu ya kurudi nyuma inakokuwa na thamani kuliko umeme. Kompyuta inayojizima bila onyo ni adui wa mhasibu. Kuna mizania iliyokuwa haijahifadhiwa, kuna orodha ya wadaiwa iliyoandikwa mchana kutwa, kuna ankara iliyokuwa ikingoja kuchapwa. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka muda wa kujirudi. Mac ikiagizwa kuzimwa kutoka kwenye menyu yake hutoa sekunde 60. Kwenye mashine za Linux, mazingira ya GNOME hutoa sekunde 60 pia, na yale ya KDE Plasma sekunde 30.

Wenye Windows wao wana amri ya shutdown. Ukiandika shutdown /s /t 3600, kompyuta itajizima baada ya sekunde 3,600, yaani saa moja. Muda huo unaweza kurefushwa hadi sekunde 315,360,000, ambazo ni miaka 10. Sijui nani anauhitaji. Ukibadili nia unaandika shutdown /a na hesabu inafutwa. Lakini mwenye duka asome hapa kwa makini: amri hiyo ikipewa muda wowote unaozidi sifuri, Windows inaichukulia kwamba programu zote zifungwe kwa nguvu hesabu ikiisha. Haitauliza kama unataka kuhifadhi kazi. Wapo wanaoiweka amri hii kwenye kompyuta ya keshia kama saa ya kufunga duka, na hawajui kwamba siku wateja wakichelewa kuondoka mauzo ya mwisho yanaweza kupotea.

Wasomaji waliokuwa na kompyuta mwaka 2003 watakumbuka hesabu ambayo hakuna aliyeitaka. Mwezi Agosti mwaka huo kirusi cha Blaster kiliangusha sehemu ya Windows, na mashine ikatoa kisanduku cha sekunde 60 kabla ya kujiwasha upya, tena na tena. Waliojua kuisimamisha kwa amri walipata nafasi ya kuokoa mafaili yao. Hata hesabu mbaya ilikuwa afadhali kuliko giza la ghafla.

Mtengenezaji husikia lini

Swali la mwenye kuweka fedha zake katika hisa ni tofauti kidogo. Yeye anataka kujua kama kilio cha wateja kuhusu kitufe kinagusa mapato ya kampuni. Mara nyingi hakigusi. Mara moja kiligusa, au angalau kilikuwa sehemu ya kilichogusa.

Tarehe 26 Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows 8. Kitufe cha Start, kilichojulikana tangu Windows 95, kiliondolewa. Kuzima kompyuta kukawa safari: upeleke kipanya kwenye kona ya kulia, usubiri menyu ijitokeze, ubonyeze Settings, halafu Power, halafu Shut down. Watu waliotumia kompyuta miaka kumi na tano walikaa mbele ya kioo hawajui waizime vipi. Soko likajibu haraka. Kampuni ya Stardock ya Michigan iliuza programu ndogo iitwayo Start8 kwa dola 4.99, kazi yake ikiwa ni kurudisha kile Microsoft ilichokiondoa. Classic Shell ilifanya kazi hiyo hiyo bure. Mteja analipa leseni ya Windows, kisha analipa tena ili apate kitufe alichokuwa nacho jana.

Mwezi Mei 2013 Microsoft ilitangaza kwamba imeuza leseni zaidi ya milioni 100 za Windows 8. Hesabu hiyo ilikuwa na leseni walizouziwa watengenezaji wa kompyuta kwa mashine mpya, na mwekezaji anayesoma takwimu za namna hii lazima aulize kama bidhaa imefika kwenye meza ya mtumiaji au imefika ghalani. Maana mwezi mmoja kabla, Aprili 2013, kampuni ya utafiti ya IDC ilikuwa imetoa picha nyingine: katika robo ya kwanza ya mwaka huo kompyuta zilizosafirishwa kwenda sokoni duniani zilikuwa milioni 76.3, pungufu kwa asilimia 13.9 ukilinganisha na robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Lilikuwa anguko kubwa kuliko yote tangu IDC ianze kufuatilia soko hilo kila robo mwaka 1994. Watu walikuwa wakihamia kwenye simu na vibao vya kugusa, hiyo ndiyo sababu kubwa, lakini IDC ilisema wazi kwamba Windows 8 haikulisaidia soko, na ilionekana hata kulipunguza kasi.

Hapo ndipo kitufe kilipopata njia ya kurudi. Windows 8.1, iliyotoka tarehe 17 Oktoba 2013, ilirudisha kitufe cha Start, ingawa kilifungua ukurasa wa vigae badala ya menyu ya zamani. Aprili 2014 kitufe cha kuzimia kikawekwa kwenye ukurasa huo. Menyu yenyewe ilirudi na Windows 10 tarehe 29 Julai 2015. Kuanzia kuondolewa hadi kurudishwa kamili ni miaka miwili na miezi tisa, na hapo ni kwa kilio cha mamilioni.

Sasa linganisha na wale wa Mac. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2022, Apple ilipata mapato ya dola bilioni 394.3. Simu za iPhone zilileta bilioni 205.5, kompyuta za Mac bilioni 40.2. Mac ni sehemu ya kumi tu ya biashara, na ndani ya sehemu hiyo wanaopanga saa ya kuzima ni kundi dogo. Mwaka uliofuata mapato ya Mac yalishuka hadi dola bilioni 29.4, lakini mtu asidanganyike kwamba ni kwa sababu ya kitufe cha Schedule. Mahitaji ya kompyuta yalikuwa yamepoa kila mahali baada ya watu kununua kwa wingi wakati wa janga la korona. Ventura iliondoa chaguo hilo bila kupoteza fedha inayoonekana kwenye vitabu, na kampuni isiyopoteza fedha haina haraka.

Si kwamba kilio kidogo hakisikiki kamwe. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, iliwanyima watumiaji uwezo wa kuona majina ya madirisha yaliyo wazi kwenye mstari wa chini, jambo lililowasumbua sana wahasibu wanaofungua mafaili kumi kwa mara moja. Chaguo hilo lilirudishwa mwaka 2023. Lakini huko napo wahusika walikuwa wateja wa maofisini, ambao Microsoft inawategemea kwa mapato ya kila mwaka.

Kwa wanaonunua sasa, Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo wengi wanalazimika kupanda toleo. Kukaa na programu ya zamani ili kuokoa kitufe kimoja ni hatari kwa ofisi inayopokea malipo kwa intaneti. Njia ya kufaa ni kuwa na mashine moja ya majaribio: ipandishwe toleo kwanza, ikae wiki mbili na karani mwenyewe, si fundi, naye aandike kila anachokikosa. Mashine nyingine zifuate baadaye.

Na kwa anayechukua Mac ya mtumba, amwombe muuzaji amwonyeshe toleo la macOS kabla ya kutoa fedha. Toleo lililotangulia Ventura lina kitufe. Akikuta Ventura na bado anaitaka mashine hiyo, aandikiwe amri ya pmset na fundi siku hiyo hiyo ya kununua, pamoja na ile ya kuifuta, yaani sudo pmset repeat cancel, na azibandike ukutani. Ajue pia kwamba pmset hukubali jozi moja tu ya ratiba inayojirudia, yaani kuwasha mara moja na kuzima mara moja. Ofisi yenye zamu mbili itabidi ichague ni zamu ipi ya kuzimiwa.