Si uvivu: MRI inayoona ugonjwa kabla mwandiko haujaharibika

Hebu tuseme kuna mvulana wa miaka saba hapa Mosocho. Muhula jana alikuwa anaongoza darasa. Sasa mwandiko umeharibika, na mwalimu akimwita ni kama hasikii. Shuleni watasema ni mvivu. Nyumbani, tuseme tu ukweli, hakosi jirani wa kutaja uchawi.

Lakini inaweza kuwa adrenolukodistrofia, kwa kifupi ALD. Ni ugonjwa wa kurithi unaoletwa na hitilafu ya jeni ABCD1, iliyo kwenye kromosomu X. Mama anaweza kuibeba bila kujua, na kila mvulana anayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Kwa baadhi yao, hasa kati ya miaka 4 na 10, ubongo hushambuliwa. Kinachoharibika ni mayelini, ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva kama plastiki kwenye waya wa stima. Sehemu ya ubongo yenye nyuzi hizo huitwa mada nyeupe.

MRI ya kawaida huonyesha doa hapo, mara nyingi kabla ya dalili yoyote. Madaktari hulipima kwa alama za Loes, 0 hadi 34. Kupandikiza uboho husaidia zaidi alama zikiwa chini ya 9.

Mbinu mpya zinachimba zaidi. Moja hufuata mwendo wa maji. Fikiria muwa: maji hupita kwa urahisi kufuata nyuzi kuliko kuzikata. Mayelini ikiisha, maji hutawanyika ovyo, na kompyuta inanasa hilo. Nyingine, spektroskopia, hupima kemikali za ubongo zinazobadilika seli zikianza kuumia.

Shida ni kwamba mtoto mwenye jeni hii anafaa kupigwa picha tena na tena, kila miezi 6 hivi. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni kilomita 300 hivi. Piga hesabu ya nauli peke yake. Majirani zetu Waganda walijaribu njia nyingine: mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Mbarara na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunda mashine ndogo ya MRI. Lengo lilikuwa watoto wenye maji kichwani. Sumaku yake ni militesla 50 hivi; nyingi za hospitali kubwa ni tesla 1.5. Kwa nyuzi za mada nyeupe bado ni dhaifu, tusidanganyane.

Kwa hivyo pa kuanzia ni kipimo cha damu. Na mvulana mmoja akipatikana, ndugu zake wa kiume wapimwe, pia wana wa mama mkubwa na mama mdogo, hata yule anayecheza mpira vizuri tu.