Tulipouzuru Uwanja wa Tahrir

Wazee wetu wa visiwani waliokuwa wakisikiliza matangazo ya Kiswahili ya Radio Cairo katika miaka ya 1950 wangalifurahi kutembea nasi katika mji huo na kuuona Uwanja wa Tahrir, yaani Uwanja wa Ukombozi. Katikati yake umesimama mnara wa jiwe wa Firauni Ramses wa Pili, nao umezungukwa na sanamu nne zenye miili ya simba na vichwa vya kondoo, zilizoletwa kutoka Karnak mwaka 2020. Bustani zimefyekwa vizuri. Tulipokaa kitako kupumzika, mlinzi mmoja alitujia kwa adabu, akatuomba tusogee.

Hatukuona kibao kinachoeleza kwamba hapo ndipo umma ulipokusanyika kuanzia tarehe 25 Januari 2011, hata Rais Hosni Mubarak, aliyekuwa ametawala karibu miaka 30, akaondoka madarakani tarehe 11 Februari. Katika siku hizo 18 waliuawa nchini Misri watu wasiopungua 846, kwa hesabu ya tume ya uchunguzi ya serikali yenyewe. Firauni amekumbukwa, hao bado.

Lakini lililotushika zaidi ni jengo la Mogamma, lililo upande wa kusini wa uwanja. Lilijengwa zama za Mfalme Farouk, lina orofa 14, na kwa miaka mingi serikali ilirundika humo ofisi za vibali, pasipoti na mihuri ya kila namna. Mwaka 1992 Wamisri walilitengenezea sinema ya kuchekesha: mwigizaji Adel Imam anakwenda kuwahamishia wanawe shule, anazungushwa dirisha hata dirisha, mwisho anajikuta na bunduki mkononi. Alipoulizwa anataka nini, aliagiza kababu.

Hatusemi kwamba watu walikufa kwa ajili ya muhuri. Walilalamikia ukatili wa polisi, ufisadi na ugumu wa maisha. Hata hivyo, tunawaomba waheshimiwa maofisa watafakari kwamba umma uliofurika uwanjani ulikuwa umekwisha kupanga foleni ng'ambo ya barabara kwa miaka mingi. Naye msomaji wetu anayepanda boti alfajiri kufuata karatasi moja ng'ambo, akaambiwa mhusika ametoka, hana haja ya kufasiriwa sinema ile.

Mogamma ilifungwa mwaka 2021, ofisi zikahamishwa, na ukatiwa saini mkataba wa kuligeuza jengo kuwa hoteli.

Mwuza chai mmoja, katika kichochoro cha nyuma, alituuliza ofisi za kwetu hufunguliwa saa ngapi. Tukamjibu, saa moja na nusu asubuhi. Akauliza tena: na mhusika hufika saa ngapi? Tukalipa chai yetu, tukaondoka.