Kwa Treni na kwa Miguu katika Milima ya Cévennes

Wageni wengi wafikao Ufaransa huutazama mji wa Paris, kisha hurudi kwao wakidhani wameiona nchi yote. Wachache hutamani kuviona vijiji, lakini huambiwa: «Pasipo motokari huko hakuendeki.» Nasi tuliambiwa hivyo. Motokari hatuna, wala kuiendesha hatujui. Tulikwenda hivyo hivyo.

Kusini ya nchi ile, kati ya miji ya Clermont-Ferrand na Nîmes, iko reli ipitayo katika milima ya Cévennes. Ilimalizika mwaka 1870, na wajenzi wake walilazimika kutoboa matundu zaidi ya 100 katika miamba. Treni huingia gizani, hutoka. Chini kabisa waona mto na paa za mawe. Hujamaliza kushangaa, giza tena! Safari yote yachukua yapata saa tano, na treni zenyewe ni chache kwa siku. Mwenye haraka asiipande.

Tulishuka La Bastide, stesheni iliyo juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,000. Hapo njia ya miguu yakutana na reli. Usiogope kupotea: juu ya miti na mawe wamepaka alama mbili, nyeupe na nyekundu, nazo zakuongoza toka kijiji hata kijiji. Mama zetu, ambao hutembea kilometa nyingi na mzigo wa kuni kichwani, watacheka wakisikia kwamba Wazungu hulipa fedha walale mahali, ili kesho watembee tena bila kutafuta kitu cho chote. Na wacheke! Lakini aendaye kwa miguu husalimiwa na watu, na apitaye katika motokari hubwekewa na mbwa tu.

Njia hiyo yaitwa kwa jina la Stevenson, mwandishi wa Scotland. Mwezi wa Septemba 1878, akiwa na umri wa miaka 27, alinunua punda jike kwa franka 65 na glasi moja ya pombe kali, akamwita Modestine. Punda akatembea polepole kuliko bwana wake, na mzigo ukaanguka mara kwa mara, watu wakimcheka. Mwishowe mwenye nyumba ya wageni alimtengenezea fimbo yenye ncha, na mwendo ukapata nguvu. Baada ya siku 12 walifika Saint-Jean-du-Gard. Hapo akamwuza kwa franka 35 pamoja na tandiko lake. Hasara ya fedha haikumwumiza. Alipokwisha kumwuza ndipo alipomlilia. Hata leo wako watu wakodishao punda katika njia ile.

Kutoka La Bastide tulipanda msituni mpaka monasteri ya Notre-Dame-des-Neiges. Stevenson, ingawa alikuwa Mprotestanti, alipokelewa na kulazwa hapo. Mwaka 1890 aliingia humo Charles de Foucauld, aliyekuwa askari zamani, akaanza maisha ya utawa. Mwaka 1901 akapewa upadri huko Viviers, na tarehe 15 Mei 2022 Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu. Mwaka huo huo wa 2022 watawa wanaume waliondoka, kwani walikuwa wamebaki wachache. Masista wa Citeaux wakashika nafasi yao.

Sasa tuseme na taabu. Siku moja tulisimama penye kituo cha basi tangu asubuhi. Ratiba ilikuwa imebandikwa vizuri, saa na dakika. Kumbe chini yake, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba basi hupita siku za shule tu, na ule ulikuwa mwezi wa Julai! Tukaenda kilometa 14 chini ya jua, na tulipofika kijijini duka lilikuwa limefungwa, maana ilikuwa saa saba, wakati ambapo wenye maduka hula. Basi soma ratiba mpaka mwisho, na mkate ununue asubuhi. Mahali pengine gari ndogo huja, ila ni lazima kulipigia simu shirika lake siku iliyotangulia.

Hayo kwetu yalikuwa ya siku chache. Stesheni, wakati wa kurudi, tulimkuta mama mzee mwenye kikapu. Macho yake yamepungua nguvu, haruhusiwi tena kuendesha. Alituambia kwamba treni ikifutwa, daktari wa mjini hamwoni mwezi huo. Majirani wana motokari, ndiyo, «lakini mtu huchoka kuomba.» Akatuuliza yetu tumeiacha wapi. Tulipomjibu alitutazama viatu vyetu, akacheka sana, akasogeza kikapu chake tupate kuketi. Treni ilikawia dakika 20.