Hata Wapagazi Walipiga Kambi

Je, uko kidato cha nne na umeapa hakuna kucheza, kucheka wala kulala mpaka mtihani upite? Ngoja kidogo, rafiki.

Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Tabora kwenda pwani, Bagamoyo, na pembe za ndovu mabegani. Mzigo ulifika kilo 30, na safari ilikula miezi. Njia hiyo ilipitisha pia watumwa, ambao hawakwenda kwa hiari. Ila mpagazi wa ujira alikuwa na lengo lake: alipwe vitambaa, arudi anunue ng'ombe. Sasa, alitembea usiku na mchana? Thubutu! Waliondoka alfajiri, jua likiwa kali wakapiga kambi. Wakapika, wakapiga soga, jioni wakaimba na kucheza ngoma. Kesho yake mzigo ukabebeka tena.

Mwili wako nao ni hivyo hivyo. Kijana wa umri wako anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Ukiwa usingizini, ubongo unahifadhi uliyosoma mchana. Ukikesha kila siku, utasoma ukurasa mmoja mara tatu na hakuna kinachoingia.

Basi jiwekee kambi zako kila siku: embe kivulini, mpira saa kumi na moja, hadithi na bibi jikoni. Halafu rudi kwenye daftari. Na mawazo yakikuzidi, usikae kimya. Mwambie mwalimu au mtu mzima unayemwamini.

Bagamoyo ni mbali. Ufike ukiwa mzima!