Tope la Nyando na Vibamba vya Kaboni: Kwa Nini Chembe Huelea au Hutuama Majini

Utangulizi

Mto Nyando huteremka kutoka milima ya Nandi na Tinderet, hupita Ahero katika Uwanda wa Kano, kisha humwaga maji yake katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria. Wakati wa masika maji hayo huwa na rangi ya udongo. Yakitekwa kwa ndoo na kuachwa usiku kucha, mchanga huzama, lakini ukungu wa mfinyanzi husalia. Makala haya yanaeleza kiini cha jambo hilo. Aidha, yanaonyesha jinsi kanuni iyo hiyo inavyowaongoza wanakemia wenye haja iliyo kinyume: kuzuia vibamba vya oksidi ya grafini visituame.

Tope lisilotuama

Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, na nyuso zake hubeba chaji hasi. Chaji za namna moja husukumana; kwa hiyo chembe hazikaribiani, hazishikamani, wala hazipati uzito wa kuzizamisha. Hapa ndipo shabu inapofaa. Ikiyeyuka majini, hutoa ioni za alumini, kila moja ikiwa na chaji chanya tatu. Ioni hizo hudhoofisha msukumano, na chembe hugandana kuwa mabonge yanayotuama. Mbegu za mronge zilizotwangwa hufanya kazi kama hiyo kwa protini zake zenye chaji chanya.

Manufaa yake si ya macho tu. Tope huipunguzia klorini nguvu na huvipa vijidudu maficho. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005 katika jarida la tiba la BMJ lilihusu vijiji vya magharibi mwa Kenya vilivyotumia maji ya tope. Lilibainisha kuwa unga wenye kigandishi pamoja na klorini ulipunguza maradhi ya kuhara kwa watoto wa chini ya miaka miwili.

Vibamba vinavyotakiwa kuelea

Grafini ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja. Ilitengwa mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010. Tabaka hilo likibeba vikundi vya oksijeni, huitwa oksidi ya grafini. Unene wa kibamba chake ni takriban nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Watafiti huichunguza kwa kuwa hunasa madini kama risasi pamoja na rangi za viwandani zilizomo majini.

Katika maji yasiyo na chumvi, vibamba hivi huelea kwa sababu ile ile ya mfinyanzi: vina chaji hasi na husukumana. Hata hivyo, maji ya mito na maziwa yana kalsiamu na magnesiamu, ambazo ioni zake zina chaji chanya mbili. Zikizidi, msukumano hufifia, vibamba hurundikana, na sehemu kubwa ya uso wa kunasia uchafu hupotea.

Tiba mojawapo ni kopolima bloku. Polima ni molekuli ndefu, mfano wa ushanga uliotungwa uzini. Katika kopolima bloku, shanga za rangi mbili hazichanganywi ovyo: upande mmja ni wa rangi moja na upande wa pili ni wa rangi nyingine. Upande mmoja hung'ang'ania kibamba. Wa pili, kwa mfano polietilini glikoli, hupenda maji na hujinyoosha ndani yake. Vibamba viwili vikikaribiana, mikia hiyo hubanana, maji hupenya katikati, na vibamba hutenganishwa. Kwa kuwa kinga hii haitegemei chaji pekee, chumvi haiivunji kwa urahisi.

Kipimo nacho ni muhimu. Kopolima ikiwa chache mno, mnyororo mmoja waweza kushika vibamba viwili kwa pamoja, na kilichokusudiwa kuelea kikazama.

Hitimisho

Kuelea na kutuama ni matokeo ya mizani moja, baina ya mvuto unaokusanya chembe na msukumano unaozitenga. Shabu huelemeza mizani upande mmoja; kopolima huielemeza upande wa pili. Kwa maji ya kunywa, pande zote mbili zahitajika: kibamba kielee hadi kinase sumu, kisha kipatikane njia ya kukiondoa, la sivyo kitakuwa uchafu mpya.

Kiswahili nacho kina akiba ya kulieleza jambo hili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, kabla grafini haijatengwa. Maneno kama kopolima yatahitaji kusanifishwa. Lakini kutuama, kugandana, mashapo na shabu yamo tayari, na mwanafunzi wa Ahero ameyaona yakitendeka ndooni kabla ya kuyasoma darasani.