Kabla ya Kuwasha Moto Uani, Shika Kamba Upime

Inapofika miezi ya Juni na Julai, usiku wa Shinyanga huwa na baridi inayomfanya mtu autamani moto. Baba mwenye nyumba hukusanya mawe uani, akawasha kuni, na watoto wakamzunguka. Jambo hilo ni jema, tena lina asili yake. Wasukuma huliita shikome, yaani moto wa jioni nje ya nyumba, ambapo wazee na vijana wa kiume waliketi na kula pamoja, na hapo kijana akafundishwa ukoo wake, kazi na adabu.

Lakini, ndugu msomaji, uwanja wa mfugaji ulikuwa mpana, na ua wa mfanyakazi ni mdogo. Katika mji kama Mwadui, uliokua kando ya mgodi wa almasi aliougundua John Williamson mwaka 1940, nyumba zimepangwa kwa safu. Moto uliowashwa popote huweza kurusha cheche kwenye paa la jirani, na mtoto anayekimbia gizani huweza kujikwaa akaangukia makaa. Kovu la moto ni la maisha. Kwa hiyo hapana budi shikome ya mjini ijengwe kwa vipimo.

Anza na mahali. Kutoka ukuta wa nyumba iliyoezekwa kwa bati, acha mita 3 kwa uchache. Ikiwa karibu pana paa la nyasi, ua wa mabua au ghala la pamba, acha mita 6 au zaidi. Usijenge chini ya matawi wala chini ya waya wa umeme. Kwa jioni tatu mfululizo rusha juu konzi ya vumbi, uone upepo unakoelekea. Moshi usiingie madirishani mwako wala mwa jirani.

Sasa pima watu kabla ya kuupima moto. Shimo lenye kipenyo cha sentimita 90 kwa ndani latosha familia nzima. Likizidi hapo, litakula kuni bure. Tofali likilazwa kichwa kikielekea motoni, ukuta huwa na unene wa sentimita 23, na duara lote kwa nje ni sentimita 136. Kutoka ukutani hadi mahali pa kuketi acha mita 1, kisha sentimita 45 za benchi, na sentimita 60 za njia nyuma yake. Jumla ni kama mita 5 na nusu kutoka upande hadi upande, na watu 12 wataketi bila kubanana. Kama ua wako haufiki hapo, punguza shimo na idadi ya viti. Kamwe usipunguze ile mita 1.

Chomeka mambo katikati, funga kamba, uchore duara la nusu kipenyo cha sentimita 75. Chimba sentimita 15, ujaze kokoto na kuzishindilia. Kazi hii usiiruke ikiwa udongo wako ni ule mweusi wa mbuga, kwa sababu huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, nao ukuta utapasuka pamoja nao. Wenye udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, wana nafuu. Ndani ya shimo usisakafie, ili maji ya mvua yapate kuzama.

Katika vifaa ndipo wengi hukosea. Usichukue mawe ya mtoni: maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke, na jiwe huweza kupasuka na kurusha vipande. Mawe ya majabali yetu ya matale nayo hubanduka magamba yakipata moto mkali. Mwamba wa kimbalaiti, ule unaobeba almasi, haufai hata kidogo. Ukikaa juani na mvuani humomonyoka ukawa udongo. Matofali ya saruji, pamoja na yale ya kutandaza chini ambayo mafundi huyaita pevingi, ni mazuri kwa sakafu ya kuketia, lakini yakikaa mbele ya moto hupasuka.

Kifaa cha kuaminika ni tofali la udongo la kuchoma lililoiva vizuri. Gonga mawili pamoja: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa mlio mzito. Kwa tofali la sentimita 23 kwa 11 kwa 7.5, kila safu yataka matofali 25, na safu 4 hufikia kimo cha sentimita 34. Nunua 110, maana mengine yatavunjika. Katika safu ya chini acha nafasi tatu za kupitisha hewa. Yaunge kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, kisha acha ukuta ukauke wiki mbili kabla ya kuwasha moto mdogo wa kwanza.

Kuhusu kuni, tukumbuke historia. Mkoa wa Shinyanga ulikatwa miti hata ukaelekea kuwa jangwa, na mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa HASHI wa kuhifadhi ardhi, uliofufua ngitili za wazee wetu. Usiteketeze jasho hilo kwa starehe ya jioni moja. Tumia magunzi, matawi makavu na miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno. Usichome plastiki wala mbao zenye rangi au dawa.

Weka ndoo ya maji karibu kila mara. Mtoto akiungua, mwagia jeraha maji baridi safi kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta, umpeleke zahanati. Kabla ya kulala mimina maji, koroga majivu, umimine tena. Makaa yaliyofunikwa huishi hadi alfajiri.

Shikome ya zamani ilikuwa ya wanaume. Hii ya uani ina nafasi 12. Mama na binti nao wawe na zao.