MASAFA NA MUDA WA SAFARI YA NDEGE BAINA YA UNGUJA NA PEMBA

Baadhi ya watumishi wa Serikali na wananchi hukadiria safari ya Pemba kwa kuangalia muda ulioandikwa kwenye tiketi peke yake. Matokeo yake ni vikao kuanza bila ya wajumbe, na wagonjwa wenye rufaa ya Hospitali ya Mnazi Mmoja kufika baada ya saa walizopangiwa. Kwa sababu hiyo inafaa masafa yenyewe yaelezwe.

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, uliopo Kisauni, hadi Uwanja wa Ndege wa Pemba, karibu na mji wa Chake Chake, ni takriban kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Marubani huhesabu kwa maili za bahari, ambapo maili moja ni sawa na kilomita 1.852, kwao masafa hayo ni maili 68 hivi. Wengi hudhani kuwa Pemba iko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Sivyo. Kutoka Kisauni hadi uwanja wa Dar es Salaam ni kilomita 73 tu.

Ndege ndogo za abiria kumi na kidogo, ambazo zimezoeleka katika njia hii, huenda kasi ya kilomita 300 kwa saa zikishatulia angani. Kwa hesabu ya kugawa, kilomita 125 zingemalizika kwa dakika 25. Lakini wakati wa kupaa na wa kushuka ndege haina kasi hiyo, na aghalabu hulazimika kuzunguka ili itue kwa kuelekea upepo. Ndiyo maana husemwa dakika 30. Ndege yenye kasi kubwa zaidi haiokoi dakika nyingi, kwani katika safari fupi kama hii kupaa na kushuka ndiko kunakochukua sehemu kubwa ya muda.

Upepo nao una hesabu yake. Pemba iko kaskazini mashariki ya Unguja. Hivyo kaskazi humkabili usoni anayekwenda Pemba na kusi humsukuma. Upepo wa kilomita 30 kwa saa huleta tofauti ya dakika tano hivi baina ya misimu hiyo miwili. Si tofauti ya kumchelewesha mtu kikaoni.

Kinachochelewesha kiko ardhini. Abiria hutakiwa uwanjani mapema, husubiri mizigo akishatua, kisha hubakiwa na barabara. Wete na Mkoani kila mmoja uko karibu kilomita 30 kutoka Chake Chake. Mtumishi anayetakiwa Wete saa 4:00 asubuhi, akipanda ndege inayoruka saa 3:00, hatawahi hata kama ndege haikuchelewa kwa dakika moja.

Kwa wanaoendelea Dar es Salaam, Pemba hadi huko moja kwa moja ni kilomita 192 hivi, na kwa kupitia Unguja ni 198. Njia yenyewe hairefuki sana, kwani Unguja iko karibu katika mstari huo huo. Kinachoongezeka ni muda wa kutua, kushusha na kupakia abiria, na kuruka tena.